Picha za droni kuwa ramani ya mtandaoni: seva iwe ya mwisho

Mkuu, kama nimekuelewa, mmerusha droni juu ya Igogo na Mabatini, WebODM, programu ya kuunganisha picha za droni, ikawatolea faili moja la GeoTIFF (picha yenye kodineti ndani yake) la gigabaiti kumi na kitu, mkalipandisha kwenye tovuti ya mradi, na sasa kila anayelifungua kwa simu anaona duara linazunguka tu. Mnataka watu wachore nyumba na mitaro juu ya picha hiyo, ndiyo maana unauliza ununue seva gani. Kazi hizi nimezifanya hapa Mwanza na visiwani, na kwa maoni yangu seva ndiyo jambo dogo kuliko yote uliyotaja.

Nianze na hilo la kukwama kwa sababu ni jepesi. Ramani za mtandaoni huletwa kwa vigae, vipande vya mraba vya pikseli 256 kwa 256, na simu huomba vile tu vinavyoingia kwenye kioo. Wewe umempa mtu sato mzima wakati alitaka kipande. Ligeuze faili liwe Cloud Optimized GeoTIFF, yaani COG. Ndani yake picha inakuwa imepangwa vipande vipande, pamoja na nakala zilizopunguzwa kwa anayetazama kwa mbali, hivyo programu inasoma sehemu inayoitaka bila kushusha faili lote. GDAL, zana ya bure ya kushughulikia data za ramani, kuanzia toleo la 3.1 inaitengeneza yenyewe:

gdal_translate -of COG -co COMPRESS=JPEG -co TILING_SCHEME=GoogleMapsCompatible igogo.tif igogo_cog.tif

Liweke kwenye hifadhi ya mtandaoni inayoruhusu kusoma sehemu ya faili, mbele yake weka TiTiler, programu inayokata vigae kutoka kwenye COG, igawe vigae. Imeisha. Lile la mwanzo usilifute, maana JPEG hupunguza taarifa za picha na hazirudi.

Sasa njoo kwenye kodineti, yaani namba zinazosema kitu kiko wapi duniani, hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kwenye UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita, Mwanza tuko kanda ya 36 Kusini. Droni inarekodi kwa WGS84, msingi wa vipimo unaotumiwa na GPS, lakini michoro mingi ya zamani ya viwanja iko kwenye Arc 1960, msingi wa zamani wa Afrika Mashariki. Tofauti ya mifumo hiyo miwili kwa huku kwetu ni takriban mita 300. Ukichanganya, nyumba ya Mwaloni Kirumba inaweza kukaa ziwani. Kosa kubwa namna hiyo angalau linaonekana. Linalonitia wasiwasi ni la mita mbili tatu, linalotokana na GPS ya kawaida ya droni isiyo na RTK (masahihisho ya GPS ya papo hapo) mkiwa hamkuweka alama za ardhini zilizopimwa. Picha itang'aa, kila bati litaonekana, na bado iwe imesogea. Pale Mabatini, ambapo nyumba zimebanana katikati ya mawe na njia ni ya mtu mmoja kupita, mita tatu ni kwa jirani. Atakayechora hana namna ya kujua. Atachora, kesho mwingine atachora juu ya picha nyingine, na mtakuwa na mtaa ulioandikwa mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, chukueni pembe kadhaa za nyumba zinazoonekana vizuri, mpima ardhi azipime chini, mlinganishe. Ikibidi kuchagua kati ya picha kali na picha iliyokaa mahali pake, mimi nachukua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Kuna na kituko cha vigae kinachowasumbua wageni. Kuna mifumo miwili ya kuvipa vigae namba: XYZ huhesabu safu kutoka juu, TMS huhesabu kutoka chini. Ukikosea kimoja kwa kingine, Mwanza yako inaibukia upande wa pili wa ikweta, kaskazini mwa Uganda jirani na Lira. Ukiona ramani tupu, kaangalie huko kwanza kabla ya kumlaumu mtu wa seva.

Kuhusu zumu, yaani kiwango cha kukuza ramani: karibu na ikweta, zumu 21 ni kama sentimita 7.5 kwa pikseli, na zumu 22 ni 3.7. WebODM usipoiambia kitu hutoa sentimita 5. Kwa hiyo ukishafika 22 umemaliza, huko mbele ni kupanua ukungu. Kilomita moja ya mraba kwenye zumu 21 ni vigae 2,700 hivi, 22 ni kama 11,000, na 23 inakaribia 44,000. Gharama ya kuhifadhi inapanda hivyo hivyo, na bando la mtazamaji pia.

Maji ni habari nyingine. Programu inaunganisha picha kwa kutafuta vitu vilivyotulia, na ziwa halitulii. Utapata mitumbwi iliyokatika nusu, mawimbi yaliyopakwa kama rangi, na mashimo. Chora mpaka unaofuata ufukwe, uuhifadhi kama GeoJSON (faili la michoro ya ramani), uutumie kwenye chaguo la boundary la WebODM ili maji yabaki nje. Mpaka huo uchorwe na mtu anayepajua, kwa sababu magugu maji yakisogea pwani, ukiwa juu yanafanana kabisa na nchi kavu.

Hapo ndipo tarehe inapoingia. Mwaka 2020 ziwa lilijaa, sehemu za ufukweni zikamezwa. Picha ya kabla na ya baada ya hapo zote ni za kweli, ila ufukwe si ule ule. Tarehe ya kurusha iwe ndani ya jina la faili na ionekane kwenye ramani yenyewe. Safu mpya isifute ya zamani. Ziacheni zote mbili, mtu achague. Mimi hutunza vitu vitatu pamoja: picha ghafi, vipimo vya alama za ardhini, na faili lililotoka. Ukipoteza vipimo, picha ghafi hazikusaidii sana.

Mkitaka kukwepa seva kabisa, ipo OpenAerialMap, hifadhi ya wazi ya picha za angani, picha za Zanzibar Mapping Initiative ziko huko. Inakupa kiungo unachobandika moja kwa moja kwenye iD au JOSM, programu za kuchorea ramani ya OpenStreetMap. Lakini huko picha inakuwa wazi kwa dunia nzima, na ikishasambaa huirudishi. Sentimita 5 haionyeshi sura ya mtu, ila inaonyesha ua, choo na kamba ya nguo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Kaeni na wenyeviti wa mitaa kwanza, na mhakikishe kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kinawahusu ninyi na eneo hilo.

Endesha gdalinfo, amri ya GDAL inayosoma maelezo ya faili, kwenye faili lako la mwanzo ubandike majibu hapa, tuone limeandikwa kodineti gani. Na useme kama mliweka alama za ardhini.