Miaka Kumi Kazini, Zawadi Yake Fulana?

SWALI: Ndugu Mhariri, shule yetu ya sekondari ya binafsi ina wafanyakazi 34. Mwaka huu watano wanatimiza miaka 10 kazini, na mpishi wetu miaka 20. Meneja ameagiza keki na fulana zenye nembo ya shule, na wahusika wameshaanza kununa. Tufanye nini cha maana bila kuvunja kibubu?
Afisa Utumishi, Morogoro

JIBU: Wana haki ya kununa. Fulana yenye nembo inaitangaza shule, haimtaji mtu.

Anza na majalada. Soma barua ya ajira ya kila mmoja, kisha muulize mwenyewe alianza lini hasa. Hapa ndipo sherehe nyingi huharibikia: mtu aliingia 2012 akiwa kibarua, barua akaipata 2015. Ukihesabu kuanzia kwenye barua, umemfutia miaka mitatu mbele ya wenzake. Mhesabie tangu siku ya kwanza, ila mkubaliane kwanza na meneja, maana cheti mtakachompa, chenye tarehe, kinaweza kuja kuwekwa mezani kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mkikosana. Jalada na cheti viseme tarehe moja.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na mwenyewe alihakiki kabla cheti hakijachapwa. Cheti kilichokosewa jina huishia sandukuni.

Maneno kama "utumishi uliotukuka" yanamfaa yeyote, ndiyo maana hayamgusi mtu. Tena yananukia barua ya kustaafishwa! Wiki mbili kabla, waulize wenzake wawili: asingekuwepo, nini kingekwama? Mkiambiwa kwamba mpishi hupimia unga wa uji kwa bakuli lilelile la bluu na hakuna mwanafunzi aliyewahi kukosa kikombe, basi hilo ndilo liandikwe kwenye cheti na kusomwa kwa sauti. Asome anayefanya naye kazi. Meneja atie saini kwa kalamu.

Zawadi yenye thamani kuliko bei yake ni siku za mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Mwongezeeni tatu kwa miaka 10, tano kwa miaka 20, kwa barua inayotaja mwisho wa kuzitumia na nani atashika nafasi yake. Bila hilo la pili, siku hizo hubaki kwenye karatasi, hasa za mpishi.

Mkiamua kutoa pesa, zipitie kwenye mshahara na zikatwe kodi. Mtajie kiasi kitakachomfikia mkononi. Aliyeahidiwa laki mbili akakuta pungufu huhisi ameibiwa. Msitoe hundi ya mfano ya kupigia picha kama fedha hazijatengwa. Wala msiziite kiinua mgongo. Hicho kina masharti yake kisheria ajira inapositishwa, siyo chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Neno hilo likisikika ofisini, kufikia jioni shule nzima inajua kuna watu wanapunguzwa.

Chakula kisikusumbue. Wafanyakazi 34 na wageni sita, mmoja kwa kila anayesherehekewa, ni watu 40: mchele wa pilau kilo 6 na nyama kilo 5 vinatosha. Lakini tafuteni mama lishe wa nje. Mara nyingi mpishi hujikuta anapika sherehe yake mwenyewe, anaitwa mbele na aproni kiunoni, kisha anarudi kuosha masufuria.

Angalia pia zamu. Kama mmoja wa hao watano ni mlinzi wa usiku, saa nne asubuhi ndio kwanza amelala. Fanyeni saa kumi jioni, na usiku huo lindo lake apewe mwingine.

Fulana zigaweni Mei Mosi, kwa wote 34.