Makumbusho na Watu Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetoka kutembelea Kijiji cha Makumbusho hapa Dar es Salaam. Je, huko India makabila yenyewe hunufaika vipi na makumbusho? – Msomaji, Kinondoni

JIBU: Ndugu msomaji, katika jimbo la Madhya Pradesh, wanakoishi Wagond, Wabhil na Wabaiga, Makumbusho ya Makabila yaliyofunguliwa Bhopal mwaka 2013 yalipambwa na wasanii wa jamii hizo. Ila msaada ulianza zamani. Bhuri Bai, Mbhil aliyekuwa kibarua wa ujenzi wa kituo cha sanaa cha Bharat Bhavan, kilichofunguliwa mwaka 1982, alihimizwa na mchoraji J. Swaminathan ahamishie kwenye karatasi michoro aliyozoea kuichora ukutani, naye akalipwa. Mwaka 2021 alitunukiwa Padma Shri, nishani ya heshima ya serikali ya India. Malipo hayo, kwangu, ndiyo heshima yenyewe.