Tungo Mpya za Obo: Wafuate Wapigaji Kabla ya Watunzi

Kwa miaka mingi nilipiga kwa obo, ala ya kupuliza yenye matete, tungo za watunzi wa kale kama Albinoni, Marcello, Telemann na Bach, kisha nikarudi kwa Albinoni, hadi nikakaribia kuamini kwamba muziki wa maana wa obo ulikoma Bach alipofariki mwaka 1750. Watunzi wakubwa wa karne ya 19 waliipa obo sauti nzuri sana ndani ya okestra, lakini ni wachache walioiandikia tungo za kusimama yenyewe mbele ya hadhira. Kwa hiyo mpigaji aliyekomaa anayeanza kutafuta kwa majina ya watunzi anaowapenda hurudi mikono mitupu: Brahms hakuiandikia sonata (tungo ya ala moja au chache), wala Tchaikovsky konseto (tungo ya mpigaji mmoja na okestra), naye Debussy, aliyekuwa amepanga sonata ya obo, honi na hapsikodi (kinanda cha kale), alifariki mwaka 1918 kabla ya kuiandika.

Nilifanikiwa nilipoanza kuuliza ni wapigaji gani waliowafanya watunzi waandike. Chukua jina moja tu, Léon Goossens wa Uingereza. Ukifuata nyayo zake utakutana na kwinteti (tungo za wapigaji watano) za Bax na Bliss, kwarteti (ya wapigaji wanne) ya Britten ya mwaka 1932, ambayo mtunzi aliiandika akiwa bado kijana mwanafunzi, na konseto ya Vaughan Williams ya mwaka 1944. Hiyo ni kazi ya miaka kadhaa kwa mpigaji yeyote, na yote imetoka kwa mtu mmoja ambaye watunzi walivutiwa na sauti yake. Ukimfuata Heinz Holliger wa Uswisi utafika mbali zaidi, kwenye Sequenza ya saba ya mtunzi Berio ya mwaka 1969, ambamo noti moja hudumishwa nyuma ya mpigaji tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo nakushauri uisikilize mara nyingi kabla ya kununua nota zake.

Nilikosea kwa kuanza na konseto ya Richard Strauss ya mwaka 1945. Humo mpigaji huingia karibu papo hapo na kuendelea kwa zaidi ya vipimo 50 bila kupumzika, na midomo yangu, iliyozoea mapumziko ambayo Bach huwaachia violini wayajaze, ililegea kabla sijaimaliza sehemu ya kwanza. Ningeanza na sonata ya Saint-Saëns ya mwaka 1921, ambayo inamwachia mpigaji nafasi ya kuvuta pumzi na nota zake zinapatikana bure katika maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, ndipo niende kwa Poulenc, ambaye nota zake hununuliwa. Asiye na mpiga piano karibu achukue vipande sita vya Britten vya mwaka 1951 vinavyotokana na visa vya Ovid, mshairi wa Roma ya kale, kwa kuwa vimeandikwa kwa obo pekee. Romansi tatu za Schumann, ingawa zinaonekana nyepesi kwenye karatasi, zitakufunza kupanga pumzi kuliko zoezi lolote ninalolijua. Anayetaka kupumua bila kukata sauti, jambo ambalo tungo ngumu za obo za Pasculli ziitwazo fantasia hulidai, awatazame wapiga zumari wa pwani yetu, maana chombo chao nacho hulia kwa matete, nao huvuta hewa puani huku mashavu yakiendelea kusukuma.

Konseto hiyo ya Strauss ilizaliwa kwa sababu John de Lancie, mpiga obo aliyekuwa askari wa Marekani, alimuuliza mzee huyo kama amewahi kufikiria kuandika konseto ya obo. Jibu lilikuwa hapana, lakini muda si mrefu konseto ikaandikwa. Baadaye de Lancie alimwagiza Jean Françaix kazi nyingine, iliyotoka mwaka 1959. Kisa hicho kilinipa ujasiri wa kumwomba kijana anayesomea utunzi aniandikie tungo ya dakika nne. Nilimpelekea karatasi moja inayoonyesha noti za chini zinazogoma kulia kwa upole, noti za juu zinazochosha midomo, na muda ninaoweza kukaa bila kupumzika, naye akaniambia kwamba karatasi hiyo ilimsaidia kuliko kitabu chochote cha uandishi wa okestra.