Re: Kuchoka hadi kushindwa kusali

Dada, umeuliza kama kulemewa na kazi, watoto na nyumba hadi kushindwa kusali jioni ni upungufu wa imani. Sidhani. Katika Biblia, 1 Wafalme 19, nabii Eliya aliyekuwa amekata tamaa hata kuomba afe hakukemewa, bali malaika alimgusa, akampa mkate na maji, naye akalala tena kabla ya kuendelea na safari. Yethro naye, baba mkwe wa Musa, katika Kutoka 18, alimwambia Musa waziwazi kwamba mzigo wa kuamua mashauri ya watu peke yake ulimzidi nguvu, akamshauri augawe. Kwa hiyo kubaliana na mumeo ni kazi zipi azichukue moja kwa moja, kuogesha watoto kwa mfano, si kukusaidia tu anapokumbuka. Jioni, Zaburi ya 4 inatosha, hata ukiwa kitandani; ina aya 8 tu, na ya mwisho inahusu usingizi. Ukikosa usingizi kwa majuma mfululizo, mwone daktari pia.