Jibu: Unga wa mwani kwa anayesubiri dawa ya mionzi

Funga hilo kopo. Unasema mama mdogo ametolewa rovu lenye saratani, anangoja kumeza iodini ya mionzi Nairobi, nawe unauliza umpe vijiko vingapi vya unga wa mwani, kama wa Kwale unashinda wa Zanzibar, na bei hapa Kisumu. Vijiko sifuri!

Mimi nilimpa mamangu. Daktari alituagiza: wiki 2 kabla ya dawa asiguse chumvi ya iodini, samaki wa baharini wala maziwa. Tukatii kama watakatifu. Mama akala omena bila chumvi akinung'unika, huku kila asubuhi nikimkorogea kijiko cha mwani kwenye uji wa wimbi. Cheka tu, mimi nilishacheka zamu yangu. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 hivi za iodini kwa siku. Gramu 1 ya kombu kavu, ule mwani wa kahawia, yaweza kupita 2,000. Kopo langu hata halikuandikwa ni mwani gani. Sasa, seli za tezi zilizobaki shingoni ndizo hunyonya iodini. Ukishazishibisha ya kawaida, ile ya mionzi inakuta matatu ya Kondele imejaa hadi mlangoni, inapitiliza na kutoka kwa mkojo. Tulisafiri na basi la usiku, mkojo ukapimwa ukakutwa na iodini nyingi, tukarudishwa nyumbani tukasubiri upya. Mama hakunisemesha hadi Ahero.

Na yule dada aliyeniuzia, "mtaalamu wa lishe" wa WhatsApp! Alinitumia utafiti. Ni kweli, fukoidani, aina ya sukari iliyomo kwenye mwani wa kahawia, imeua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, na imejaribiwa kwa panya. Mama si panya. Hiyo nguvu ya antioksidanti anayoisifia, yaani ya kukinga seli zisiharibiwe, nayo mara nyingi hupimwa kwa kemikali inayobadilika rangi kwenye kichupa. Tena mwani unaolimwa Kibuyuni, Kwale, ni wa jamii nyekundu, hauna fukoidani. Hutolewa karajinani ya kukazia aiskrimu na dawa ya meno. Mwulize hayo, atakujibu kwa emoji ya maombi.

Kopo lolote, la mwani au la mti gani sijui, lifike mezani kwa daktari wa mionzi kabla halijafika kwenye uji. Ukiona haya kulibeba, piga picha lebo. Kama ameshaanza kunywa, pigia kliniki simu leo, usingoje siku ya safari. Amepangiwa tarehe ngapi?