Mazoezi ya Watoto Kandokando ya Ziwa: Tafuteni Kwanza Mtu Mzima wa Pili

Timu nyingi za watoto hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Kirumba, zinaendeshwa na kocha mmoja mwenye filimbi na moyo mkubwa. Moyo huo tunauheshimu. Lakini kocha aliye peke yake na watoto 25 hawezi kumhudumia aliyevunjika mkono na wakati huohuo kuwaangalia 24 waliobaki, na jua likiwa kali wa kwanza kuponyoka ataelekea ziwani. Kwa hiyo, kabla ya jezi na mipira mipya, tafuteni mtu mzima wa pili. Si lazima ajue mpira; mama wa mchezaji mwenye nafasi jioni anafaa kabisa. Kazi yake ni daftari, kuhesabu watoto na kuangalia. Asifundishe hata kidogo. Akianza kufundisha, timu imepata kocha wa pili na imempoteza mwangalizi.

Katika daftari kila mtoto awe na ukurasa wake: jina, umri, namba mbili za simu za wazazi au walezi, na maradhi aliyonayo, hasa pumu, kifafa na selimundu (sikoseli). Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na baadhi ya wazazi hawapendi kulitaja jambo hilo mbele ya watu, hivyo muulizeni mzazi pembeni. Mtoto huyo anacheza kama wenzake, ila anywe maji kila baada ya dakika 15, apumzike anapotaka bila kuambiwa mvivu, na asikae na jezi iliyolowa upepo wa ziwa ukimpiga. Akilalamika maumivu ya mifupa au kifua, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Adhabu ya kichurachura na ya kuzungushwa uwanja iondoeni kwa watoto wote. Haifundishi mpira, na mwenye selimundu inaweza kumlaza wodini.

Dakika 15 kabla ya mazoezi wachezaji wakubwa wajipange mstari mmoja, hatua moja kati ya mtu na mtu, watembee uwanja mzima wakiokota chupa, misumari na nyaya. Mwanza ni mji wa mawe, na jiwe lililochomoza lisilong'oleka halitoshi kuwekewa alama, kwani mtoto anayefukuzia mpira haangalii chini. Sogezeni mstari wa uwanja mpaka jiwe libaki nje kwa mita 3.

Goli la mabomba linalohamishika ni hatari kuliko linavyoonekana. Watoto wanalining'inia, linapinduka kwa mbele, na mtambaa panya unamwangukia mmoja kichwani au kifuani. Hata lile dogo lahitaji mifuko ya mchanga juu ya bomba la nyuma. Anzeni na miwili ya kilo 25 kila upande. Kisha mtu mzima auvute mtambaa panya kuelekea mbele kwa nguvu zake zote. Nyuma ikinyanyuka hata kidogo, ongezeni mchanga. Mazoezi yakiisha, lilazwe chini.

Ngurumo ikisikika, mazoezi yamekwisha. Ingieni darasani au ndani ya gari lililofungwa, kamwe si chini ya mwembe, na msirudi uwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kifundo cha mguu kikiteguka, acheni kukichua na kukikanda kwa maji ya moto. Joto na kusuguliwa siku mbili za mwanzo huongeza uvimbe. Barafu ya samaki haikosekani mialoni, wanakoshushia samaki wavuvi: ifungeni kwenye kitambaa, iwekeni dakika 15 hadi 20, ondoeni, rudieni baada ya saa mbili. Mtoto akishindwa kupiga hatua nne, mpelekeni kupigwa picha ya eksirei. Kanga safi inatosha kuning'iniza mkono uliovunjika. Aliyegongwa kichwa akaonekana kuduwaa, kusahau matokeo ya mchezo au kuyumba, asirudi uwanjani siku hiyo hata akililia. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida au kichwa kikizidi kumuuma, ni hospitali bila kungoja asubuhi.

Sasa ziwa, ambako ndiko tunakoogopa zaidi. Timu zinazofanyia mazoezi karibu na maji huwaacha watoto wakaoge baada ya filimbi ya mwisho, wakati kocha anakusanya mipira. Pale mwambao wenye matete na maji yaliyotulia pana konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hasa mchana jua likiwa kali. Dawa ya bei nafuu ni pipa la lita 200 lililofunikwa. Lijazeni maji kupitia kitambaa, yaache yatulie siku mbili kamili. Vijidudu hivyo havidumu muda huo bila kuingia mwilini mwa mtu. Watoto waoge kwa kopo hapo uwanjani, na safari ya ziwani inakosa sababu.

Kama kuogelea ni sehemu ya ratiba, waulizeni kwanza wavuvi wa mwalo huo kuhusu mamba, viboko na mahali panapodidimia ghafla. Wagaweni watoto wawiliwawili, kila mmoja akimjua mwenzake, na filimbi ilie kila dakika 10 ili wawili hao washikane mikono na kuhesabiwa. Mwangalizi abaki nchi kavu, simu mfukoni. Asitegemee kusikia kelele, kwa sababu anayezama hapigi ukelele: pumzi yake yote inatafuta hewa, kichwa kimelalia nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inasukuma chini kama anayepanda ngazi.

Mkononi mwangalizi awe na kamba ya mita 15 iliyofungwa kidumu cha lita 5 chenye kikombe kimoja cha maji ndani. Maji hayo hukipa uzito wa kuruka mbali, na kidumu bado kinaelea. Kirusheni kila wiki kwa mazoezi. Kuingia majini kumfuata anayezama ndiko kunakozamisha wawili.

Akitolewa hapumui, msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Hilo linapoteza muda na kuleta matapishi kooni. Mlazeni chali, inueni kidevu, mzibeni pua, mpulizieni pumzi 5, kisha bonyezeni katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, na pumzi 2, mkirudia bila kukoma mpaka apumue au msaada ufike. Kwa mtoto, kifua kizame kama theluthi moja ya unene wake. Mtu wa pili anapiga simu na kusimamisha gari. Hata akizinduka, aende hospitali, maana mapafu yanaweza kumzidia saa chache baadaye. Haya yote yanataka kujifunzwa kwa mikono, na Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Afisa michezo wa halmashauri aulizwe kuhusu usajili wa klabu na kozi za ukocha, zikiwemo za Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba.

Mtu mzima wa pili ana kazi nyingine ambayo viongozi huona haya kuitaja. Kocha asibaki peke yake na mtoto, iwe chumba cha kubadilishia nguo, bodaboda au meseji za usiku. Ujumbe uende kwenye kundi la wazazi. Safari ya kulala Ukerewe au Geita yenye wasichana iwe na mwanamke mtu mzima, na watu wazima walale chumba chao. Mtoto akisimulia kwamba ameguswa vibaya, msikilizeni bila kumhoji, andikeni maneno yake yaleyale siku hiyo pamoja na saa, na mpelekeeni taarifa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, inapigwa bure. Msikubali shauri likamalizwe nyumbani kwa faini, hata mtuhumiwa akiwa ndiye aliyewanunulia jezi.