"Hebu Tuambie Kuhusu Wewe"

Usaili wangu wa kwanza uliharibika ndani ya dakika mbili. Niliulizwa swali jepesi kuliko yote, "Hebu tuambie kuhusu wewe," nami nikaanzia mbali: mtoto wa tano kati ya saba, shule ya msingi nilisoma wapi, sekondari wapi, napenda mpira. Nilipofika kwenye "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninajituma", msaili mmoja alikuwa ameshaanza kufunua karatasi za anayefuata.

Nilitoka nikisema wameshampanga mtu wao. Huenda ni kweli. Ila miaka ilipopita nikaketi upande wa pili wa meza, tukitafuta mtunza stoo, niliwasikia wachapakazi waaminifu tisa mfululizo, na hadi jioni sikuweza kuwatofautisha. Tuliyemkumbuka ni dada mmoja tu. Alisema hivi:

"Nimetunza stoo ya vipuri miaka mitatu. Nilipoingia, hesabu ya kwenye daftari na ya kwenye rafu zilikuwa hazilingani. Nikawa nahesabu rafu moja kila asubuhi kabla ya kufungua, na baada ya miezi miwili tukajua mzigo unapotelea wapi. Tangazo lenu linasema mna stoo mbili, na kazi hiyo naijua."

Akanyamaza. Haikufika dakika moja. Mwenzangu aliyekuwa akichezea kalamu akaiweka chini, akamuuliza, "Enhe, ulikuwa unapotelea wapi?"

Angalia alichofanya. Hakujisifu hata mara moja. Alisimulia kazi, sifa tukazitoa wenyewe. Na alikuwa amelisoma tangazo, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Tunatuma maneno yale yale kila mahali kama kadi za mwaliko.

Kama hujawahi kuajiriwa, usianze kwa kuomba radhi, "sina uzoefu ila…" Ulikuwa mweka hazina wa kikundi na mahesabu yakafungwa bila ugomvi? Hiyo ni kazi, tena ngumu. Itaje, sema watu walikuwa wangapi, sema ulifanya nini.

Mimi nilijifunza kwa kujirekodi kwenye simu. Mara ya kwanza nilizungumza dakika nne, na "yaani" zilikuwa nyingi kiasi kwamba niliona aibu peke yangu chumbani. Nikapunguza hadi dakika moja. Lakini usikariri neno kwa neno kama shairi la shuleni; ukikatizwa katikati utapotea. Shika mambo matatu tu: ulichofanya, mfano mmoja, na kwa nini umekuja kwao.

Kwa barua pepe ni hayo hayo kwa ufupi. Kichwa kitaje nafasi unayoomba na jina lako. Andika mistari minne au mitano, usiambatanishe wasifu na kuacha ukurasa mtupu. Na faili lisiitwe "CV mpya ya mwisho 2". (Nimewahi kulituma hilo.)

Halafu kuna simu. Niliwahi kupigiwa na mwajiri nikiwa katikati ya kelele, nikapokea kwa ukali, "Nani mwenzangu?" Alijitambulisha kwa upole, akasema atapiga baadaye, hakupiga. Siku hizi nikiwa natafuta kazi, namba nisiyoijua naipokea kwa kutaja jina langu kwanza, na kama pana kelele natoka nje kabla sijabonyeza.